Mzigo Umetoka

Mtunza stoo alipanda lori. Hilo halikuwamo kwenye mpango.

Mpango uliwekwa Jumapili, chumba cha nyuma cha gereji, mlango umetiwa komeo, redio juu. Watu watatu. Nondo, mkubwa wao. Dereva. Na Karani, dada yake Nondo tumbo moja, mwandika oda wa kampuni inayouza vifaa vya sola.

"Eleza tena," Nondo alisema. "Polepole. Dereva kichwa chake kizito."

"Mimi kizito, aliyefungwa mara mbili wewe."

Karani alieleza. Zamani oda ilikuwa simu, mhuri na kubishana. Siku hizi kompyuta yao inaiandikia kompyuta ya kiwanda cha betri. Ya kiwanda inakubali, inatoa hati, inafungua geti ikiona namba ya lori iliyomo kwenye oda. Mzigo ukipokelewa, malipo yanakwenda yenyewe.

"Anayeuliza nani?"

"Hakuna. Mwisho wa mwezi hata mimi natolewa. Nitatumia neno la siri la meneja. Jina langu halitaonekana." Akamtazama. "Kaka, mtu asiumizwe."

"Nani wa kuumizwa? Ni mashine na mashine."

Karani hakuwatajia Bwana Stoo. Huyo alikuwa wake peke yake. Miaka tisa mwanamume yule wa kiwandani alimpigia kila mzigo ulipotoka.

"Mke wangu wa simu, mzigo umetoka."

"Mume gani wewe, hata kipande cha sabuni hujaniletea!"

Hawakuwahi kuonana. Kisha kompyuta zikaunganishwa, na wakubwa wakapiga marufuku simu zile. Kupoteza muda, walisema. Miezi mitano sasa.

*Ijumaa, saa nne asubuhi.* Karani alituma oda. Betri mia nne, bohari jipya, namba ya lori. Kabla hajanyanyua kikombe cha chai, kiwanda kilikuwa kimekubali.

*Saa sita.* Simu ya mezani ikalia.

"Mama Oda."

Ilikuwa sauti ya Bwana Stoo. "Si mmekatazwa?"

"Wacha wanifukuze. Meneja wenu kaagiza betri mia nne. Hamjawahi kuchukua hata mia. Unaijua oda hii?"

Hapo angeweza kusema.

"Naijua. Toa tu."

"Ukisema wewe, natoa." Akashusha sauti. "Na wewe utakuwepo huko bohari jipya?"

"Nitakuwepo."

"Leo umevaa rangi gani?"

"Kijani. Ya nini?"

"Basi tu."

*Saa nane.* Dereva alisimama kituo cha mafuta, akampigia Nondo.

"Mtunza stoo kapanda. Shati limepigwa pasi, ananukia kama bwana harusi. Anasema kuna mtu anakwenda kumwona. Ningemkatalia angeshtuka."

Nondo alimgeukia dada yake. Walikuwa bohari tayari, jengo tupu la kukodi.

"Unamjua huyu?"

"Kwa simu."

"Sura yako?"

"Hajawahi kuiona."

"Kakupigia leo?"

"Hapana." Alidanganya bila kupepesa.

"Sawa. Dereva leo anavuka mpaka, mimi naficha uso. Tutamfunga, tutamwacha. Ila wewe usifungue mdomo. Akikujua, mimi sina la kufanya."

Karani alivaa ovaroli ya gereji juu ya gauni, kitambaa usoni.

*Saa tisa.* Lori likaingia. Bwana Stoo akashuka, mfupi kuliko sauti yake, mvi masikioni, mfuko mdogo mkononi. Akatabasamu gizani mle akitafuta mtu. Dereva akamkaba kwa nyuma. Wakamfunga mikono, wakamkalisha chini. Karani akabonyeza "imepokelewa" kwenye kompyuta ya mkononi, kama walivyopanga.

"Chukueni mzigo," Bwana Stoo alisema. "Sitaki ushujaa. Ila kuna mama alikuwa hapa. Kavaa kijani. Mmemfanya nini?"

Nondo alimkazia macho dada yake.

"Jamani, yule ana kosa gani? Yeye ni wa kuandika oda tu."

Akainuka kwa magoti, akaanza kupiga kelele. "Mama Oda! Mama Oda!"

Nondo akainua chuma kumnyamazisha.

"Tulia, Bwana Stoo! Tulia, nakuomba!"

Akatulia. Akageuza shingo taratibu, akaitazama ile ovaroli, na pindo la kijani lililochungulia chini yake.

"Kumbe ni wewe," alisema. Hakukuwa na hasira ndani yake.

"Nilikwambia," Nondo alimwambia dada yake. Akapiga. Akapiga tena.

Karani alipiga magoti, akatoa simu kwenye mfuko wa shati la marehemu, akapiga. Alitaja mahali. Alitaja jina la kaka yake, lile alilopewa na mama yao.

"Unampigia nani?"

"Polisi."

Nondo aliinua chuma tena. Kikabaki hewani. Akakishusha, akakaa juu ya kreti.

"Mama tutamwambia nini?"

Betri mia nne zilirudi kiwandani, zote nzima. Kompyuta mbili zilikuwa zimeshalipana kabla polisi hawajafika. Jumatatu zikarudishiana.

Nondo, kifungo cha maisha. Dereva, miaka kumi na minane. Karani, kumi na miwili. Mama yao, watoto wawili, wote ndani. Bwana Stoo, kaburi moja. Kwenye ule mfuko wake mdogo, kipande kimoja cha sabuni, hakijafunguliwa.