Vizibo Vinne vya Susu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kuwafungulia kuku, kumwagilia mboga maji, na kugombana na ndugu yangu Kisilu. Hiyo ya tatu niliifanya kwa bidii kuliko zile nyingine mbili. Huo ulikuwa mwaka wa 1979. Nilikuwa darasa la sita katika shule iliyokuwa mteremko mmoja tu kutoka kwetu, karibu na soko la Nunguni. Kisilu alikuwa darasa la tatu, lakini maswali yake yalikuwa ya mtu wa chuo kikuu.

"Mutindi," aliniuliza asubuhi moja ya Februari, "mbona mbuzi wetu wanakula pilipili kali?"

"Mbuzi hawali pilipili kali," nikamjibu. "Umesahau mwaka jana? Yule wa pembe moja alionja, akapiga chafya mpaka jioni."

"Basi njoo uone."

Nikaenda. Chini kabisa ya shamba, kando ya shimo la taka, yule yule wa pembe moja alikuwa amesimama anatafuna taratibu, macho nusu yamefumba, kama mzee aliyepewa nyama laini. Pilipili zote zilikuwa zimekwisha. Vilibaki vikonyo na majani machache. Nilingoja apige chafya. Hakupiga. Aliniangalia tu, kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu.

Nilikwenda shule nikiwa nimechanganyikiwa, na si kwa sababu ya mbuzi peke yake. Msimu ule shamba letu lote lilikuwa limechanganyikiwa.

Nyumbani kwetu mtunza mbegu alikuwa nyanya yetu, mama yake Baba, ambaye kwa Kikamba tulimwita Susu. Mimi nina jina lake: naye ni Mutindi. Jina hilo lilikuwa ngao yangu. Mama hakuweza kuliita kwa ukali, maana ingekuwa kama anamfokea mama mkwe wake. Akinikasirikia aliniita "wewe." Ukiitwa "wewe" mara moja, unajirekebisha. Mara mbili, unaomba msamaha. Mara tatu, unakimbia.

Macho ya Susu yalikuwa yameingia ukungu, lakini kila msimu yeye ndiye aliyechagua mbegu na kuzipanda kwa mkono wake. Alizihifadhi kwenye majivu ndani ya vibuyu vinne vidogo, vilivyotundikwa juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Vibuyu hivyo vilizaliwa na mmea mmoja, na vilifanana kama mapacha.

Viwili vilikuwa vya mbaazi. Kimoja kilikuwa na mbaazi ndefu za kienyeji, ambazo hurefuka kama mti na kukaa shambani karibu mwaka mzima. Kingine kilikuwa na mbaazi fupi, tulizoletewa na bwana shamba, ambazo hukomaa upesi. Viwili vilivyobaki vilikuwa vya pilipili. Kimoja cha pilipili kali, na kingine cha hoho, ambazo Mama alipewa na dada yake anayeishi mji wa Wote. Hoho zilikuwa wageni kwetu. Tulikuwa tumezilima msimu mmoja tu.

Kila mbegu ilikuwa na makao yake. Mbaazi ndefu zilikaa pembeni ili zisiwanyime wenzao jua. Fupi zilikaa katikati. Hoho zilikaa karibu na jiko, na pilipili kali kule chini kwenye shimo la taka. Susu hakukubali hoho na kali ziwe majirani.

"Nyuki hana mpaka," alikuwa akisema. "Akitoka kwa kali akaingia kwa hoho, mbegu utakayopanda mwakani itakuuma ulimi."

Lakini msimu huo mbaazi za pembeni zilitoa maua zikiwa zimefika kiunoni tu. Zile za katikati hazikutoa hata ua moja, zikaendelea kurefuka, zikarefuka, mpaka zikamziba Mama njia ya kuchotea maji.

"Labda ni mbolea," alisema Mama.

"Labda ni mvua," alisema jirani yetu, Mama Kalunde.

"Labda zimechoka kukaa mahali pamoja kila mwaka," alisema Kisilu, akaambiwa aende akakate kuni.

Susu alishika jani la mbaazi, akalisugua kati ya vidole, akalinusa. "Sielewi," alisema polepole. "Nilizipanda kwa mkono huu."

Jumamosi ya wiki hiyo tulipata wageni. Mchungaji Nzioka alikuja kutuombea, akifuatana na Mama Kalunde, na Mama akachinja kuku. Watoto wa kwetu tulikuwa tukimwona kuku mezani kama wanavyoonwa watalii: mara chache, na kwa mbali.

"Mutindi, nichumie hoho nne pale karibu na jiko," Mama alisema.

Nilichuma, nikazitazama. Zilikuwa fupi na nene kidogo, kama kidole gumba cha mtoto. "Mama, mbona hizi hazijanenepa?"

"Ni jua la mwezi huu limezidumaza. Basi chuma kumi."

Nikachuma kumi. Mama akazikata zote, akazitumbukiza kwenye mchuzi.

Mchungaji Nzioka alikuwa mtu wa adabu sana. Alitia kijiko cha kwanza kinywani, akatafuna mara mbili, akasimamisha taya. Paji la uso likatoka jasho. Kisha machozi yakaanza kumtiririka, moja kila shavu.

"Bwana asifiwe!" alisema Mama Kalunde. "Mchungaji ameguswa moyo."

"Maji," alisema Mchungaji.

"Amina!" akajibu Mama Kalunde.

"Maji, mama! Maji!"

Kisilu alikimbia na kata ya maji. Mama alionja mchuzi, akakohoa, akageuka kunitazama. Na kila mtu akanitazama, kwa sababu mimi ndimi niliyewahi kutia chumvi kwenye chai ya Kisilu, na mimi ndimi niliyemfunga jogoo kengele.

"Wewe! Umetia nini humu?"

"Hoho tu, Mama! Kumi, kama ulivyosema!"

"Wewe!"

Hiyo ilikuwa ya pili. Nilikuwa nimeshaanza kuutazama mlango.

"Mwache mtoto," alisema Susu kutoka kwenye kigoda chake. "Pilipili hizo nilizipanda mimi. Kwanza mbaazi, sasa pilipili. Nimepanda kali mahali pa hoho. Nimezeeka, mwanangu. Mkono wa mtunza mbegu ukianza kusahau, nyumba nzima italala njaa. Kesho vibuyu uvichukue wewe."

Nilimtazama Mama, nikingoja akatae. Mama aliinama, akaanza kukusanya sahani.

"Hata mama yangu alianza hivyo hivyo," alisema Mama Kalunde kwa sauti ya chini, "kwa kusahau chumvi."

Nakiri kwamba wakati huo nilifurahi. Nilikuwa nimeponea "wewe" ya tatu. Lakini usiku sikulala vizuri. Niliyazungusha mambo kichwani kama mtu anayetafuta sindano kwenye gunia: mbuzi asiyepiga chafya, mbaazi zilizokataa kurefuka, mbaazi zilizokataa kuacha kurefuka. Susu hakuwahi kusahau hata siku niliyong'oa jino la kwanza. Angesahauje pilipili?

Kesho yake, tulipotoka kanisani, Susu aliniita jikoni. "Nitungulie vibuyu. Nataka kumwonyesha mama yako kilicho ndani ya kila kimoja kabla hajavichukua."

Nilimpa kimoja kimoja. Kisilu alikuwa mlangoni anakula kiazi. Susu alipapasa kizibo cha kila kibuyu kwa kidole gumba.

"Hiki kina kizibo cha gunzi: mbaazi ndefu. Hiki cha kijiti: mbaazi fupi. Hiki cha kitambaa: hoho. Na hiki cha ngozi ya mbuzi: pilipili kali. Nilifundishwa hivyo na mama mkwe wangu, ila hoho na fupi nimeziongeza mwenyewe." Akacheka kidogo. "Nyinyi mna madaftari. Mimi sijui kusoma. Daftari langu ni vizibo."

Vizibo! Papo hapo nikaikumbuka kwaya yetu.

Agosti iliyopita, wakati wa likizo, mimi na Kisilu tulianzisha kwaya. Kwaya haiwezi kuimba bila kayamba, na vibuyu vya Susu vilikuwa vinatoa mlio mtamu sana. Kisilu alichukua viwili vya mbaazi, vyenye kishindo. Mimi nikachukua viwili vya pilipili, vilivyonong'ona kama mchanga. Tulipofika ubeti wa pili vizibo viliruka, na mbegu chache zikamwagika, kuku akazimaliza. Tulisikia Susu anakuja. Kila mmoja wetu aliokota vizibo vyake viwili, akavichomeka palipokuwa na tundu. Kwetu kizibo kilikuwa kizibo tu. Tukavitundika vibuyu, tukaapa kutomwambia mtu.

Nilimtazama Kisilu. Alikuwa ameacha kutafuna. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na swali.

Mama aliingia na kikapu. Susu akampa kibuyu cha kwanza. Mimi nilisimama pale na vurugu kichwani. Nikinyamaza, hakuna atakayejua kamwe; hata Susu mwenyewe ameshakubali kosa. Nikisema, nitaitwa "wewe" mpaka idadi imshinde mwalimu wa hesabu. Susu akampa Mama cha pili. Cha tatu. Alipokitoa cha nne, mkono wake ulibaki hewani, vidole vikipapasa mahali palipokuwa na kibuyu.

"Basi," alisema, akijaribu kutania. "Sasa kazi yangu ni kuota jua pamoja na kuku."

"Susu," nikasema, "hukusahau. Hukusahau chochote."

Nilisimulia yote, kwaya, kayamba, na kuku aliyekula ushahidi. Nilikuwa naongea haraka huku nikilia, na Kisilu akawa anaongeza vipande nilivyoviruka, hata vile ambavyo ningependa viendelee kurukwa.

"Wewe..." Mama alianza, kisha akamgeukia Susu. "Mama, nisamehe. Jana nilitakiwa kukataa."

Susu alikichukua kibuyu chenye kizibo cha gunzi, akamimina kiganjani punje zilizobaki, akazipuliza majivu na kuzisugua kwenye leso yake. Akazibingirisha kati ya vidole, moja moja.

"Hizi ni ndogo," alisema. "Hizi ni fupi." Na hapo uso wake ukafunguka kama mlango. "Nami nina kosa langu. Nilishika kizibo, nikaacha kushika mbegu."

"Kumbe!" Kisilu akapiga kelele. "Kumbe mbuzi walikuwa wanakula hoho zetu!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nilifikiri nimepona, lakini Susu alinivuta karibu, akanishika sikio, si kwa nguvu, ila vya kutosha nisiende popote.

"Sikiliza, mwenye jina langu. Kuchezea vibuyu ni utoto. Hata mimi nilivichezea, na nikachapwa. Kosa lako kubwa ni kunyamaza. Ungesema Agosti, ningerudisha vizibo kabla ugali haujaiva. Sasa mbaazi ndefu ziko katikati ya shamba, na hazitatoka mpaka Agosti nyingine, na Mchungaji wa watu amelia mbele za kondoo wake. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado punje. Ukilifunika kwa udongo, linaota."

Siku hiyo hiyo nilipelekwa kwa Mchungaji Nzioka kuomba radhi. Alinisamehe upesi, ila alikuwa bado anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Vibuyu vilirudi juu ya meko, na vizibo vikarudi kwa wenyewe. Nilijenga ua wa miiba kuikinga mimea ya hoho iliyoponea meno ya mbuzi. Na kila siku, kwa miezi sita, nilibeba maji nikizunguka ule msitu wa mbaazi uliosimama katikati ya shamba.

Ulipofika wakati wa kuvuna, Susu aliniita tuchague mbegu pamoja. Tulichagua kutoka kwa mimea yenye afya na maganda yaliyojaa. Punje iliyotobolewa na mdudu, au iliyonyauka, tuliitupa. Alinitaka nifumbe macho, nizijue ndefu na fupi kwa vidole. Kisha nikaandika majina kwenye vipande vya karatasi, nikavifunga shingoni mwa vibuyu.

"Weka," alisema Susu. "Panya nao wajifunze kusoma."

Mwezi huo Mchungaji Nzioka alikuja tena. Mama aliweka mchuzi mezani, nao ulikuwa na vipande vya hoho, vinene na vya kijani. Mchungaji alikiinua kijiko, akakirudisha.

"Nani amechuma hoho hizi?" aliuliza.

"Mutindi," alisema Mama.

"Na mimea yake, nani aliyeitunza?"

"Mutindi."

Mchungaji akamtazama Susu, akanitazama mimi, akaivuta kata ya maji karibu.

"Basi," alisema, "tuombe."

Na siku hiyo aliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida.