Ganzi ya Bibi Trajanka

Kila Septemba mjini Strumica, ua wa kina Bisera ulinukia pilipili hoho za kuchoma. Bisera, msichana wa miaka kumi na miwili, alizimenya maganda, na bibi yake Trajanka akazigeuza juu ya jiko la kuni. Bibi alikuwa pekupeku.

Kaa la moto likadondoka, likatua kando ya kidole chake cha mguu. Bibi akaendelea kugeuza pilipili.

"Bibi, unaungua," Bisera alisema.

Bibi akatazama chini, akalisukuma kaa kwa koleo. "Kumbe. Wala sijahisi."

"Huhisi moto?"

"Miguu imekufa ganzi tangu Pasaka. Ni hii sukari yangu. Sasa usimwambie mama yako. Atanipeleka hospitali wakanikate mguu kama jirani yetu Mitko."

Bisera aliahidi. Asubuhi aliona soksi ya bibi imelowa usaha wa kidonda kilichokuwa unyayoni. Hakuvumilia tena. Alimfuata mama yake Gordana jikoni, akamweleza yote.

Bibi alinuna njia nzima hadi hospitali ya Skopje. "Nimelea mpelelezi ndani ya nyumba yangu," alinung'unika garini. Bisera aliinamisha kichwa, asijue kama amefanya vyema.

Daktari Ristova alisafisha kidonda, kisha akapapasa juu ya mguu kutafuta mapigo. "Damu inafika vidoleni," alisema. Halafu akagonga kwa kidole nyuma ya kifundo. Bibi akashtuka.

"Umenipiga umeme mpaka unyayoni, binti yangu."

Daktari akatabasamu. "Hizo ni habari njema, mama. Mshipa wa fahamu bado uko hai. Sukari imeuvimbisha, nao umebanwa hapa kifundoni. Kidonda kikipona na sukari ikishuka, tutaupanulia njia. Si kila mgonjwa hufaa kwa upasuaji huu, ila wewe naona unafaa."

"Na kunikata mguu?"

"Hapana. Ungekawia na kidonda hiki, labda tungezungumza mengine."

Bibi alishusha pumzi ndefu, akautafuta mkono wa Bisera, akaushika.

Alifanyiwa upasuaji kabla ya theluji kuanza. Wiki chache baadaye, Bisera alipokuwa akimpaka mafuta miguuni, bibi aliuvuta mguu wake ghafla.

"Unanitekenya wewe."

Wakatazamana. Gordana aliyekuwa akikunja nguo alikaa kitandani, akacheka huku akijifuta machozi.

"Sukari bado ninayo," bibi alisema baadaye, "na daktari kaniagiza nikague nyayo kila siku na nisitembee pekupeku. Nitatii. Lakini wewe, Bisera, nilikuomba ufiche jambo lililokuwa likiniangamiza. Mtu akikuomba hivyo tena, hata kama ni mimi, nenda ukaseme. Mwache anune. Atanuna akiwa mzima."