Chai ya Kunywesha Mbao

Dzoro hakuwa na mke, hakuwa na karakana yake mwenyewe, wala hakuwa na ulimi mtamu. Zaidi ya yote, hakuwa na mpingo. Alichokuwa nacho ni mbao za mwembe, nyeupe kama ndani ya mkate wa bofulo, na wateja wa Mji wa Kale waliotaka samani nyeusi.

Ndiyo maana Kasyoka alimkuta sokoni Marikiti, katikati ya msukumano wa asubuhi, amekumbatia chupa tano za siki.

"Fundi, kachumbari hiyo ni ya harusi ya nani?"

"Ni ya misumari, dada."

Akamweleza kwamba misumari yenye kutu huilaza ndani ya siki wiki nzima, na maji yake yakipakwa kwenye mbao huigeuza nyeusi. Kasyoka, karani wa bandarini, alicheka hadi mwenye duka naye akacheka. Kisha akaagiza meza ya kujipambia.

Mwezi mzima walipigiana simu kila jioni. Mwanzo waliulizana habari za meza. Baadaye meza haikutajwa tena. Kasyoka alimwita Bwana Siki. Dzoro alimwita mpenzi mara moja tu, akakohoa.

Jumamosi ya kupaka rangi, Kasyoka aliuliza amletee nini, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kumtembelea kazini. Dzoro akataka chai ya rangi, kali, chupa nzima, isiyo na sukari.

Alifika na gauni jipya la kitenge cha manjano, mahamri mkono mmoja, chupa ya chai mkono wa pili. Kwao Machakos chai ni ya maziwa, kwa hiyo hii aliionja mara tatu na kuitia iliki. Dzoro akaipokea, akashukuru, akaimimina ndani ya ndoo na kuchovya brashi.

"Dzoro. Chai yangu unainywesha mbao?"

"Mbao nyeupe haishiki weusi mpaka ipate chai," alijibu bila kuinua kichwa. "Siki hufuata baadaye."

Ulikuwa ukweli mtupu, na haukumsaidia kitu.

"Nimeamka saa kumi na moja kuipika. Wewe hata kiti hukunipa."

Akaondoka, akaacha mahamri na chupa. Siku nne simu ya Dzoro haikupokewa.

Chai ilipokauka alipaka ile siki ya misumari, na meza ikaiva weusi mbele ya macho yake, mishipa ya mbao ikionekana kwa chini. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na hakuwa na wa kumwonyesha. Ndani ya chupa kilibaki kikombe kimoja. Akakinywa, kimepoa. Ndipo alipoijua ile iliki.

Siku ya tano akaandika:

"Kasyoka, chai niliionja ukishaondoka. Ilikuwa nzuri, nami nilikukosea. Ndani ya droo sikupaka rangi, nimeacha weupe wake, ili ukumbuke kuwa ni chai yako iliyoifanya meza iwe nyeusi. Chai ya mbao nitaipika mwenyewe. Ya kunywa, nataka tuinywe pamoja siku zote, ukikubali kuolewa nami. Kiti nimekutengenezea."

Bahasha haikushika, akaifunga kwa gundi ya mbao. Akaifungia juu ya chupa ya chai iliyooshwa, akampa Aidarus wa tuk-tuk aipeleke Ganjoni kwa Kasyoka.

"Nisubiri jibu?" Aidarus aliuliza.

"Usisubiri," alisema Dzoro. "Nenda taratibu tu, gundi haijakauka."