Fomu ya Bima ya Baba Mitchelle

Kila asubuhi, kabla ya kwenda Kipini kuchukua samaki, Masha alimpeleka bintiye Mitchelle shuleni Garsen kwa gari lake aina ya Probox. Jumanne hiyo sasa, weh! Mitchelle alikuwa ameshika simu, akaona video ya mbuzi aliyepanda bodaboda.

"Baba, tazama, tazama!"

Baba akageuka kidogo tu. Puu! Gari likamgonga ng'ombe wa Mzee Jaldesa, mfugaji wa pale kijijini, akafa palepale, boneti ikakunjika kama karatasi. Wao wawili hawakuumia.

Ijumaa, Bi Swabra, mkaguzi wa kampuni ya bima, alifika nyumbani kwao. Baba alikuwa ameshajaza fomu: "Ng'ombe aliruka barabarani ghafla. Hakukuwa na mchungaji."

Mitchelle akaisoma. Mchungaji alikuwepo! Mzee Jaldesa alisimama katikati ya barabara, fimbo juu, akipiga kelele magari yasimame.

"Baba, hii si kweli," akanong'ona.

"Nyamaza wee! Wakijua nilikuwa naangalia simu, hawalipi kitu. Bila gari tutakula nini?"

Mzee Jaldesa naye alikuwa ameitwa. Bi Swabra akamsomea fomu.

"Mimi sikuwepo?" Mzee akaruka. "Kwani fimbo ilijiinua yenyewe? Ng'ombe yangu hiyo ndiyo wajukuu walikuwa wanakunywa maziwa yake!"

"Kama hakukuwa na mchungaji, mzee, kosa ni lako. Hutalipwa," akasema Bi Swabra, kalamu mkononi.

Baba alimkazia Mitchelle macho. Lakini akasema, tena kwa sauti:

"Alikuwepo! Aliinua fimbo. Mimi ndiye nilimwonyesha baba video."

Baba akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mzee. Dada, nipe fomu nyingine, niandike upya."

Bi Swabra akashusha pumzi. "Kaka Masha, umeogopa bure! Bima yako ni ile kubwa. Inalipa hata dereva akikosea, gari na ng'ombe pia. Uzembe wako utaueleza kwa polisi. Lakini ningeugundua uongo huu baadaye, ungekosa vyote."

Mwezi uliofuata Probox ilitoka gereji, na Mzee Jaldesa akanunua ng'ombe mwingine wa maziwa. Jioni moja baba alimwita Mitchelle.

"Mwanangu, siku ile nilikukasirikia sana. Kumbe wewe ndiye uliyetuokoa. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako."