Mizani Ilipogoma

Baba Pacha alikuwa mpishi katika kantini ya kiwanda cha magodoro. Kila siku alipikia wafanyakazi mia mbili. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshafunga aproni, majiko matatu yanawaka, na maharage yanachemka. Alifanya kazi kwa kusimama mpaka saa tisa alasiri. Goti lake la kulia lilimuuma kutwa nzima.

Daktari wa mifupa alilipiga picha goti hilo, akasema limelika. Dawa yake ilikuwa upasuaji.

"Lakini siwezi kukupasua na uzito huu," daktari alisema. "Una kilo mia moja na kumi na nane. Ukifika tisini na tano, njoo tupange siku."

Akamwelekeza chumba cha mwisho, kwa ofisa lishe. Huyu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, msemaji wa polepole.

"Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula," ofisa lishe alimweleza. "Mwili wako unatumia kalori kadhaa kila siku. Ukiupa pungufu kidogo, unachota kwenye akiba yake ya mafuta. Hapo ndipo uzito unashuka."

Alimpangia kalori elfu mbili na mia mbili kwa siku. Akampa karatasi inayoonyesha kalori za kila chakula, na daftari la kuandika anachokula. Mwisho akamwambia, "Rudi baada ya miezi miwili tuangalie."

Baba Pacha hakurudi. Aliona mambo yanakwenda vizuri, akarudie nini? Baada ya miezi mitano alikuwa na kilo mia moja na nne. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mshonaji. Alimpunguzia suruali mara mbili.

"Nikikata tena, mifuko ya nyuma itabusiana," alisema, sindano ikiwa mdomoni.

Kisha mizani aliyojipimia nyumbani kila Jumamosi ikagoma. Jumamosi moja ilisoma mia moja na nne. Jumamosi iliyofuata, mia moja na nne. Wiki tano zikapita hivyo.

"Mizani hii mbovu," Baba Pacha alisema.

Mama Pacha akapanda mwenyewe. "Mbona kwangu inasema kweli? Rudi kwa yule mama."

"Nikamwambie nini? Ataona nimemdanganya. Nitakula kidogo zaidi, basi."

Akaacha kifungua kinywa. Mchana alikula kijiko cha wali na mboga. Jioni alikunywa chai kavu. Kwa hesabu yake, siku nzima haikufika kalori elfu moja. Usingizi ulimpaa. Mikono ilimtetemeka. Nyumbani alifoka kwa neno dogo tu. Watoto wake pacha, wasichana wa sekondari, wakaanza kula mapema ili wasimkute mezani.

Siku ya kumi na moja, yeye na mama wa vyombo walikuwa wakishusha sufuria kubwa ya maharage. Mama wa vyombo ndiye aliyeosha masufuria na sahani za kantini. Ghafla macho ya Baba Pacha yakaingia kiza. Vidole vikalegea. Sufuria ikainama upande wake, na mchuzi wa moto ukamwagika sakafuni.

Mama wa vyombo aliruka, lakini mchuzi ulimfikia mguuni.

"Umeniunguza!" alipiga kelele.

Baba Pacha alikaa juu ya gunia la mchele, jasho linamtoka. Hakuweza hata kumwambia pole. Wengine walimwagia mama yule maji ya bomba mguuni kwa muda mrefu. Ngozi ilivimba malengelenge kuanzia kifundo hadi vidole.

Jioni Mama Pacha alipata habari zote kwa simu.

"Kesho tunakwenda kliniki," alimwambia mumewe.

"Kesho nina kazi."

"Kazi ya kuchoma watu?"

Baba Pacha akaenda kutafuta daftari lake.

Kesho yake walikaa mbele ya ofisa lishe. Baba Pacha alitazama viatu vyake akaeleza yote. Ofisa lishe hakumgombeza. Aliomba daftari, akapekua.

"Hebu niambie," alisema. "Kiwandani mpo watu mia mbili. Hamsini wakihama, utapikia wangapi?"

"Mia na hamsini."

"Ukiendelea kupikia mia mbili?"

"Chakula kitabaki, kimwagwe."

"Mwili haumwagi. Unaweka. Kalori nilizokupa zilikuwa za mtu wa kilo mia na kumi na nane. Mtu huyo hayupo tena. Umeshusha kilo kumi na nne. Mwili mdogo hutumia nguvu kidogo, hata ukiwa umelala. Ndiyo maana nilisema urudi. Hukunidanganya, baba. Ni hesabu iliyopitwa na wakati."

"Basi si nilifanya vizuri kupunguza?"

"Kupunguza, sawa. Wewe ulikata zaidi ya nusu. Umepikia watu sitini, na mia na hamsini wamepanga foleni. Watafanyaje?"

"Watavunja kantini," alisema Mama Pacha.

"Ndivyo macho, mikono na kichwa vilivyofanya. Njaa ya namna hiyo inakula hata misuli. Na daktari hapasui mtu anayezirai."

Kisha aliuliza swali jingine. "Kwenye daftari sioni kuonja. Huonji chakula?"

"Naonja. Lakini kuonja si kula."

"Tumbo linajuaje kwamba unaonja tu? Kwa siku vijiko vingapi?"

Baba Pacha alihesabu kwa vidole. Mchuzi, kabla na baada ya chumvi. Maharage. Wali. Mchuzi tena. Vidole vikaisha, akaanza upya.

"Kama ishirini," alisema kwa sauti ndogo.

Mama Pacha aligeukia dirishani, akauma leso asicheke.

"Hivyo vinaweza kufika kalori mia mbili," ofisa lishe alisema. "Tuziandike nazo."

Akapanga upya: kalori elfu mbili kwa siku, kuonja kukiwamo. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Wali upungue nusu kikombe. Maharage na mayai yasipungue, ili misuli ipate chakula chake. Mboga zijaze nafasi. Kifungua kinywa kirudi.

"Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula. Wiki moja ikigoma, usishtuke, pengine ni maji tu mwilini. Zikifika tatu au nne, njoo. Kila ukishusha kilo nne au tano, njoo pia. Tutapiga hesabu pamoja. Hesabu yako si ya mwenzako, na ya mwenzako usiichukue."

Kutoka hapo, kwanza Baba Pacha alikwenda kwa mama wa vyombo. Alimkuta kwake, mguu juu ya kiti, umefungwa bandeji.

"Nilikuwa nimejinyima chakula," alisema. "Kosa ni langu."

"Mpishi kufa njaa!" mama wa vyombo alishangaa. "Haya, kaa. Nimekusamehe, lakini sufuria zangu utaosha wewe mpaka nipone."

Alizikwangua wiki mbili.

Uzito ulianza kushuka tena, taratibu. Alipofika kilo tisini na tisa alirudi kliniki, na hesabu ikawa elfu moja na mia tisa. Mwezi wa tano tangu apangiwe upya alifika tisini na nne na nusu. Daktari akapanga siku, na upasuaji ukaenda salama.

Wiki sita baadaye alikwenda tena kwa ofisa lishe, akitembea kwa mkongojo.

"Sasa nipunguze hadi ngapi?" aliuliza.

"Sasa unaongeza," alijibu yule mama. "Kidonda kinataka chakula ili kipone, na uzito umefika tulipotaka. Ongeza mia moja wiki hii. Tutaangalia mizani kabla ya kuongeza nyingine."

Mwezi wa nne baada ya upasuaji Baba Pacha alirudi jikoni bila mkongojo. Mama wa vyombo alimvuta pembeni.

"Kaka yangu naye anapunguza mwili," alisema. "Alishuka vizuri, sasa huu ni mwezi wa pili amekwama. Tangu juzi anakunywa maji tu."

Baba Pacha alizima jiko.

"Mpigie sasa hivi," alisema. "Mwambie ale. Kisha aende akapigiwe hesabu ya mwili alio nao leo."

Mama wa vyombo alifuta mikono kwenye aproni, akatoka nje na simu yake.