Fuvu la Mbokomu

Wenseslaus, mhifadhi mkuu wa makumbusho ya mkoa mjini Moshi, alikutwa amelala kifudifudi chini ya chui aliyekaushwa. Kisogo kilikuwa kimepondwa. Kando yake ilikuwepo nyundo ya kale ya mhunzi, imetolewa kwenye kabati la maonyesho, ina damu.

Inspekta Flavia Massawe aliwaacha wataalamu wachukue alama za vidole, yeye akazunguka. Kompyuta ipo. Pembe za ndovu, ambazo mwizi mwenye akili angezivusha mpaka wa Holili kwenda Kenya, zipo. Kilichokosekana ni fuvu moja la binadamu. Sanduku lake lilikuwa tupu, na kibandiko kilisema: mwanamume, Mbokomu.

Ndani ya kapu la taka la Wenseslaus akaona jani bichi la sale lililofungwa fundo. Flavia ni mzaliwa wa Kibosho, Uchaggani, hakuhitaji maelezo. Mchagga akikuletea sale anakusihi, na hata aliyeuliwa ndugu yake hulipokea. Kulitupa ni kumtemea mtu usoni. Alijikuta amemkasirikia marehemu, akaona haya.

Akamwita Fredy, mlinzi wa getini.

"Jana nani alikuja kumwona?"

"Mzee mmoja wa milimani. Huwa anakuja."

"Anafuata nini?"

"Anasema amemfuata babu yao."

Huko Mbokomu Flavia hakusumbuka. Kila Mchagga anajua kwamba Wajerumani waliwanyonga wazee wao na kuchukua vichwa. Aliuliza ni ukoo gani uliomzika babu bila kichwa baada ya Wajerumani kumnyonga, na kila mtu akamwelekeza kwa Mzee Ebenezeri. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, udongo ulikuwa umetifuliwa na masale yamepandwa juu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua mtakuja."

Fuvu lilifukuliwa kwa amri ya mahakama, likapelekwa kwa daktari. Alama za vidole vya mzee zililingana na zile za kwenye nyundo. Kituoni hakubisha chochote. Alieleza kwamba amezika wajukuu wawili, na ukoo mzima unaamini babu anadai kichwa chake. Amebaki Hilda, wa mwisho, naye amelazwa, hali mbaya.

"Kwa nini ulimuua?"

"Nilimpa sale, akalitupa. Halafu akaniambia lile fuvu si la babu. Mtu anakukania babu yako hivi hivi, akikutazama? Nilishika kilichokuwa karibu."

Flavia alivuta ripoti ya daktari iliyofika asubuhi. Alitamani aiache ifike mahakamani yenyewe, lakini aliona ni ukatili zaidi mzee kuisikia mbele za watu.

"Mzee, babu alinyongwa akiwa na umri gani?"

"Mtu mzima kabisa. Ana wajukuu."

"Fuvu hili magego ya mwisho hayajaota. Ni la kijana, hajafika hata miaka ishirini, pengine msichana. Kibandiko kilikosewa zamani. Wenseslaus alikuwa anakwambia kweli."

Nje askari walikuwa wanacheka jambo lao. Flavia alingoja mzee alie, au amwone mwongo kama alivyomwona Wenseslaus.

"Kwa hiyo babu hajarudi," mzee alisema. "Na Hilda nimeshamwambia atapona."