Disketi za Stendi ya Kayanga

Yustus, fundi redio, alikuwa akifungua skrubu ya tatu nyuma ya kompyuta ya chama cha madereva. Alichungulia ndani kwa tochi, akaanza kurudisha skrubu. Mashine haikuwa imeguswa. Kilichoibwa ni disketi mbili tu.

Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, Juni 1997, stendi ya Kayanga. Disketi zilibeba hesabu ya abiria ya miezi mitatu: saa gani wanajaa, na njia ipi. Ijumaa mhandisi angezifuata kutoka Bukoba, apange upya zamu za magari ili watu wa Nyabiyonza wasishinde stendi kutwa. Zisipopatikana, karani Speciose angefukuzwa. Ufunguo alikuwa nao yeye.

"Jana nilitoka kula saa sita na nusu," Speciose alisema. "Kurudi saa saba, mlango umefungwa, droo tupu. Kaka Yustus, kwani nimezila mimi?"

Leonidas, dereva wa pikapu, aliegemea mlango. Jumapili, kwa kuchukia zamu mpya, alikuwa ametangaza kwamba ataiponda mashine ile.

"Nilisema nitaiponda, sikusema nitaiba," alisema. "Saa sita na nusu nilikuwa chini ya gari. Stendi nzima iliona miguu yangu."

Kwenye droo Yustus aliokota uzi wa ganda kavu la mgomba. Mizigo ya Leonidas yote hufungwa kwa mpira wa tairi.

"Kompyuta uliiacha imefunikwa?" alimuuliza Speciose.

"Wazi. Kitambaa nilikikuta juu yake."

Mwenye hasira na mashine haikingi na vumbi, Yustus aliwaza. "Nani mwingine ana ufunguo?"

"Mzee Xaveri. Ndiye anayefagia ofisi."

Walimkuta jikoni kwake, nyuma ya stendi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmechelewa."

Juu ya mafiga, pembeni ya mahindi ya mbegu, kilining'inia kifurushi cha maganda ya mgomba kilichofungwa vizuri. Xaveri alikishusha mwenyewe.

"Miaka kumi na tisa nilipanga zamu kwa kichwa. Mkanipa ufagio, hata kikaoni hamkuniita. Nilitaka mnitafute. Ijumaa ningezirudisha."

Yustus alifungua. Disketi zilikuwa zimepinda kwa joto.

"Umezipika, mzee."

"Mbegu hukaa hapo mwaka mzima," Xaveri alisema, sauti ikififia. "Hakuna mdudu anayezigusa."

"Sasa tumfukuze nani?" Leonidas aliuliza.

Speciose alitoa karatasi pekee ya hesabu iliyokuwa imechapwa. "Jumamosi iliyopita, saa nne, Nyabiyonza walipanda wangapi?"

Xaveri alifumba macho. "Thelathini na wawili. Wawili waliachwa, mmoja mjamzito."

Ndivyo ilivyoandikwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia aache kuhesabu.

Walirudi ofisini. Xaveri alitaja, Speciose akachapa. Saa kumi na mbili jenereta la ofisi likaishiwa mafuta. Walikuwa wamefika wiki ya pili ya Machi.

"Nikiisha kusema yote," Xaveri aliuliza, "mtanihitaji kwa lipi?"

"Kesho saa moja, mzee," Speciose alisema, akiifunika kompyuta. "Tuanzie Machi kumi na tano."

Xaveri alichukua ufagio.